McCaffrey: Mtu mmoja, kazi mbili, halafu mshahara wa nani?

JUMAPILI usiku kwa saa zetu, Septemba 2025, San Francisco 49ers walifungua msimu wa 2025 wa NFL ugenini Seattle dhidi ya Seahawks. Macho mengi yalikuwa kwa jamaa mmoja mwenye jezi namba 23, Christian McCaffrey. Alikuwa na miaka 29. Kwa kiungo wa soka hiyo ni miaka ya kula matunda ya jasho lake. Kwa mtu anayefanya kazi ya McCaffrey, ni umri ambao mabosi wa timu wanaanza kukutazama kama gari lililotembea kilomita nyingi. Halijaharibika, lakini hakuna anayetaka kulinunua kwa bei ya jipya.

Kwa wale wanaofuatilia soka letu tu, tuelewane kwanza. McCaffrey ni raningibeki. Kwotabeki, yule anayeanzisha kila shambulizi, anamkabidhi mpira mkononi na yeye anatumbukia nao kwenye msitu wa wanaume ambao baadhi yao wana kilo 140 na zaidi. Timu ina majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10. Ikifanikiwa inaanza kuhesabu upya. Raningibeki ndiye anayetumwa kuzitafuta zile yadi tatu, nne, ambazo hazina urembo wowote. Anaangushwa, anasimama, anapewa tena. Mara 20 kwa mechi.

Wapo na wengine, wapokeaji, ambao kazi yao ni kutoka mbio kwenda mbali kudaka pasi. Hawa ndio mastaa wa picha za magazetini. Hizi ni kazi mbili tofauti, zina makocha wawili tofauti na, hapa ndipo penye utamu wa habari yenyewe, zina mishahara miwili tofauti.

McCaffrey anafanya zote mbili. Hafanyi moja vizuri na nyingine kwa kubahatisha. Msimu wa 2019 akiwa na Carolina Panthers alikimbia yadi 1,387 na akadaka pasi za yadi 1,005. Ligi hii ilianza mwaka 1920. Katika miaka yote hiyo, waliovuka yadi 1,000 kwa kukimbia na yadi 1,000 kwa kudaka ndani ya msimu mmoja ni watu watatu tu. Roger Craig wa 49ers mwaka 1985, Marshall Faulk wa St. Louis Rams mwaka 1999, na huyu.

Kwa nini mtu wa namna hii ni mgumu kumkaba? Wapenzi wa soka mtaelewa haraka. Mnakumbuka taabu waliyoipata mabeki wa kati walipokutana na mshambuliaji anayerudi nyuma kuchukua mpira. Ukimfuata unaacha shimo, ukimwacha anageuka na kukutazama usoni. McCaffrey ni tatizo hilohilo. Kocha wa timu pinzani akiingiza walinzi wazito wa kuzuia mbio, McCaffrey anachomoka pembeni na kudaka pasi, na mlinzi mzito hamuwezi kwa kasi. Akiingiza walinzi wepesi wa kukimbizana na wapokeaji, anakabidhiwa mpira na kupita katikati yao. Na timu yake haihitaji kufanya mabadiliko yoyote ili kutoka jambo moja kwenda jingine. Mpinzani anawaona wachezaji walewale 11 na hajui kinachokuja.

Damu nayo imechangia. Baba yake, Ed McCaffrey, alikuwa mpokeaji wa NFL aliyebeba Super Bowl tatu, moja akiwa na 49ers na mbili akiwa na Denver Broncos. Mama yake alicheza soka Chuo Kikuu cha Stanford, soka hili letu la miguu. Babu yake mzaa mama, Dave Sime, alichukua medali ya fedha ya mita 100 kwenye Olimpiki ya Roma mwaka 1960. Mtu wa familia hii akiwa mzito wa mbio itabidi wazee waitwe wakae kikao.

Lakini damu haichezi peke yake. Mwaka 2015 akiwa Stanford, McCaffrey alikusanya yadi 3,864 kwa kila njia inayoruhusiwa, kukimbia, kudaka na kurudisha mipira iliyopigwa na mpinzani. Alivunja rekodi ya Barry Sanders ya yadi 3,250 iliyokaa tangu 1988. Na tuzo ya mchezaji bora wa vyuo hakuipata. Alipewa Derrick Henry wa Alabama, pande la mtu ambalo lilikuwa linapita juu ya watu badala ya kuwapita pembeni. Tutamrudia Henry baadaye maana naye ana somo lake.

Mwaka uliofuata McCaffrey alifanya jambo lililowaudhi wengi. Timu yake ya chuo ilikuwa na mechi ya mwisho wa msimu, Sun Bowl, naye akasema hachezi. Anajiandaa kwa drafti ya NFL. Akaitwa msaliti, akaambiwa anawakimbia wenzake. Miezi 12 kabla ya hapo Jaylon Smith wa Notre Dame, mmoja wa walinzi bora wa vyuo, alikuwa ameumia vibaya goti kwenye mechi ya namna hiyohiyo na akaporomoka hadi raundi ya pili ya drafti. Pesa nyingi zilipotea jioni ile. Kwa mtazamo wangu, kijana wa miaka 20 alikuwa amepiga hesabu ambayo wachezaji wengi huipiga wakiwa wameshachelewa. Mtaji wake ulikuwa magoti yake, na chuo hakikuwa kinamlipa mshahara.

Carolina walimchukua namba nane mwaka 2017. Msimu wa kwanza alikimbia yadi 435 tu lakini akadaka pasi 80. Msimu wa pili akadaka 107, idadi ambayo hakuna raningibeki aliyewahi kuifikia. Msimu wa tatu akaivunja mwenyewe kwa kudaka 116. Ukijumlisha na mara 287 alizokimbia nao, mwaka ule aligusa mpira mara 403. Ishike hiyo namba.

Sasa tuje kwenye mkwanja.

Mfumo wa NFL kwa mwaka wa kwanza hadi wa nne ni mkataba uliopangwa kulingana na namba uliyochukuliwa kwenye drafti. Huna cha kujadili sana. Ukichukuliwa raundi ya kwanza, timu ina haki ya kuongeza mwaka wa tano. Baada ya hapo timu inaweza kukubandika kile wanachokiita tagi, yaani mkataba wa mwaka mmoja kwa bei iliyokwishawekwa, na hauwezi kwenda kokote kirahisi. Kwa kwotabeki hii si shida, maana akiwa na miaka 28 ndiyo kwanza anaanza kuuelewa mchezo. Kwa raningibeki ni msiba. Miaka yake mizuri ni ile ya 22 hadi 26. Timu inaitumia kwa bei ya chini, halafu akifika mezani kudai chake anaambiwa mguu umechoka. Nani aliyeuchosha?

Le'Veon Bell wa Pittsburgh Steelers alijaribu kuugomea mfumo huo. Naye alikuwa mtu wa kazi mbili, anakimbia na anadaka. Hoja yake ilikuwa nyepesi, kama nafanya kazi ya raningibeki na ya mpokeaji basi msinilipe kama raningibeki. Mwaka 2018 alikataa tagi ya takriban dola milioni 14.5 na akakaa nyumbani msimu mzima. Mwaka uliofuata New York Jets walimpa mkataba wa miaka minne wa dola milioni 52.5. Oktoba 2020 wakamwacha. Hakurudi kuwa Bell yule tena.

Todd Gurley alifuata njia ya upole. Alikuwa Mchezaji Bora wa Mashambulizi wa mwaka 2017, na Rams wakampa mkataba mnono mwaka uliofuata. Goti likaanza kulalamika. Machi 2020 alishaachwa. Alimalizia Atlanta msimu mmoja na safari ikaisha akiwa na miaka 26. Mmoja aligoma, mwingine alisaini, wote wakafikia mlango uleule wa kutokea.

Mwezi mmoja baada ya Gurley kuachwa, Panthers wakampa McCaffrey mkataba wa miaka minne wa dola milioni 64. Milioni 16 kwa mwaka, kinara wa nafasi yake. Mnakumbuka ile namba 403? Msimu wa 2020 alicheza mechi tatu. Msimu wa 2021 alicheza saba. Enka, bega, msuli wa nyuma ya paja. Katika mechi 33 za misimu miwili alionekana mara 10. Waliokuwa wanasema raningibeki halipwi wakapata mfano wao mpya, na walimtaja kila walipokaa mezani na mchezaji mwingine.

Oktoba 2022 Panthers walikuwa wameshamfukuza kocha Matt Rhule na wanabomoa kikosi. Wakampeleka McCaffrey San Francisco kwa nafasi nne za drafti, raundi ya pili, ya tatu na ya nne za 2023, na ya tano ya 2024. Hakuna ya raundi ya kwanza hata moja. Kwa kipaji kile naona ilikuwa bei ya mnada.

Kocha wa 49ers, Kyle Shanahan, ni mtoto wa Mike Shanahan, aliyemfundisha Ed McCaffrey kule Denver. Kwa hiyo tayari walikuwa wanafahamiana. Katika mechi yake ya pili na timu mpya, dhidi ya Rams, McCaffrey alitupa pasi ya tachidauni, akakimbia tachidauni, akadaka tachidauni. Mara ya mwisho mtu kufanya vitu hivyo vitatu katika mechi moja ilikuwa mwaka 2005, LaDainian Tomlinson. Timu iliyokuwa imeshinda tatu na kupoteza nne haikupoteza tena hadi mwisho wa msimu wa kawaida. Mechi 10 mfululizo. Safari ilikatika kwenye fainali ya kanda huko Philadelphia, pale kwotabeki Brock Purdy alipoumia kiwiko. Tachidauni pekee ya 49ers siku ile nadhani unajua nani aliifunga.

Msimu wa 2023 ndio ule. Yadi 1,459 kwa kukimbia, kinara wa ligi nzima. Yadi 564 kwa kudaka. Tachidauni 21. Tuzo ya Mchezaji Bora wa Mashambulizi. Ukihesabu na mechi za mtoano za msimu uliotangulia, alifunga katika mechi 17 mfululizo na kuifikia rekodi ya Lenny Moore ya miaka ya 1960. Februari 2024 Super Bowl ikachezwa Las Vegas dhidi ya Kansas City Chiefs. Katika shambulizi la kwanza kabisa McCaffrey alipoteza mpira, wakauokota Chiefs. Wengine wangezama. Yeye alimaliza na yadi 80 za kukimbia, yadi 80 za kudaka, na tachidauni. Nusu na nusu, kama mtu aliyepima kwa mizani. Wakafungwa 25-22 katika muda wa nyongeza.

Miezi saba kabla ya fainali ile, maraningibeki walikuwa wamefanya kikao kwa video, kikiitishwa na Austin Ekeler aliyekuwa Chargers. Hali ilikuwa mbaya. Saquon Barkley, Josh Jacobs na Tony Pollard walikuwa wamebandikwa tagi ya dola milioni 10 na ushee. Walizungumza, wakatoka, hakuna kilichobadilika. Chama cha wachezaji ni kimoja kwa nafasi zote. Pesa ya mishahara ina ukomo kwa kila timu. Unapomwongezea mkimbiaji, unampunguzia mpokeaji au mlinzi, na wao pia wanapiga kura. Hapo ndipo umoja unapokuwa mgumu.

Kilichobadilisha upepo kilikuwa uwanjani. New York Giants hawakumpa Barkley alichotaka. Mmiliki wao alinaswa na kamera za kipindi cha televisheni akisema usingizi wake utakuwa wa shida Barkley akienda Philadelphia. Akaenda Philadelphia. Msimu wa 2024 akakimbia yadi 2,005, na siku aliyotimiza miaka 28 akabeba Super Bowl kwa kuwachapa Chiefs 40-22. Henry, yule wa tuzo ya vyuo, alihamia Baltimore Ravens akiwa na miaka 30 na kukimbia yadi 1,921. Machi 2025 Eagles wakampandisha Barkley hadi dola milioni 20.6 kwa mwaka. Aprili, Las Vegas Raiders wakamchukua Ashton Jeanty namba sita kwenye drafti. Mwaka mmoja nyuma hakuna raningibeki hata mmoja aliyechukuliwa raundi ya kwanza.

Basi soko limerudi? Limerudi kidogo. Tuwe wakweli. Ja'Marr Chase, mpokeaji wa Cincinnati, analipwa wastani wa dola milioni 40.25 kwa mwaka. Purdy, mtu wa mwisho kabisa kuchaguliwa kwenye drafti ya 2022, alisaini Mei 2025 kwa wastani wa milioni 53. McCaffrey, ambaye Purdy akizidiwa ndiye wa kwanza kutafutwa kwa macho, aliongezewa mkataba Juni 2024 kwa milioni 19 kwa mwaka. Anafanya kazi mbili na hafikii nusu ya mshahara wa anayefanya moja.

Mabosi watakujibu na msimu wa 2024. Nao wana hoja. Wino wa mkataba ule haujakauka vizuri, kano za visigino vya McCaffrey zikavimba, miguu yote miwili. Alikwenda hadi Ujerumani kutafuta daktari. Alikosa mechi nane za mwanzo. Akarudi Novemba, akacheza nne, na Desemba 1 kwenye theluji ya Buffalo goti likaumia. Yadi 202, tachidauni sifuri. 49ers walimaliza na ushindi wa mechi sita na vipigo 11.

Kibaya zaidi kwa upande wake, mechi ya kwanza aliyokosa, Jordan Mason ambaye hata kwenye drafti hakuchaguliwa alikimbia yadi 147 dhidi ya Jets. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Kumbe ni mfumo wa Shanahan, kumbe yeyote anaweza. Nimeisikia hoja hii kila raningibeki anapodai pesa na sikatai kuwa ina ukweli ndani yake. Wazuiaji wazuri wa mbele wanaweza kumfanya mkimbiaji wa kawaida aonekane mfalme.

Lakini tazama upande wa pili wa kazi. Mason alicheza mechi 12 msimu ule na kudaka pasi 11. McCaffrey, akiwa mgonjwa, katika mechi nne alidaka 15. Mfumo ulimtoa Mason mkimbiaji. Haukumtoa mpokeaji. Na walinzi wa timu pinzani walilijua hilo, walipomwona Mason walijua wajipange vipi. Yadi ambazo mpinzani anaziacha wazi kwa sababu ya hofu haziandikwi kwenye takwimu za mtu yeyote. Kwangu mimi hapo ndipo McCaffrey anapodhulumiwa, kwenye mikutano ya mikataba kuliko uwanjani.

Nilichokiogopa kuhusu msimu wa 2025 kilikuwa kingine. Deebo Samuel, mpokeaji ambaye naye alikuwa mtu wa kazi mbili, alikuwa ameuzwa Washington. Brandon Aiyuk alikuwa bado anauguza goti aliloumia Oktoba 2024. Mason mwenyewe alikuwa amepelekwa Minnesota. Waliobaki nyuma ya McCaffrey walikuwa vijana. Ukiwa kocha uliyetoka kupoteza mechi 11, na mkononi una mtu mmoja anayeweza kukimbia na kudaka, utamtumia kwa kiasi? Shanahan amesema mara nyingi miaka iliyopita kwamba atampunguzia mzigo. Mechi ikibana, anamrudia yeye.

Na hapa ndipo Henry anapoingia na somo lake. Henry ana kilo 112, anakimbia tu, pasi si kazi yake, na mwaka 2025 akiwa na miaka 31 bado alikuwa anawapanda watu vichwani. McCaffrey ana kilo 95 hivi. Anagongwa akiwa na mpira, anagongwa akiruka kudaka, anagongwa akimzuia mlinzi asimfikie Purdy. Uwezo wa kufanya kila kitu ndio uliompa mkataba, na ndio unaomfanya asipumzike. Mkimbiaji wa kazi moja hutoka nje zinapokuja pasi. Huyu hana pa kutokea.

Mimi Jumapili ile sikupanga kuhangaika sana na yadi zake. Nilipanga kukaa na kalamu kuhesabu mara anazogusa mpira. Zikiwa 18 au 20, ningejua Shanahan kakumbuka kuwa msimu una mechi 17. Zikifika 30 kwenye mechi ya kwanza tu, Septemba ile, basi jamaa wa 49ers walipaswa kuanza kuulizia hali ya visigino vile mapema.